Mnara wa Vitofali Sita

Haya ya leo nimeyapata kwa mfagizi wa kituo mwenyewe, Jumatano asubuhi, mimi nachagua mawe kwenye mchele, yeye amevua viatu na kunyoosha miguu. Aliniapia mara mbili kwamba hakuongeza chumvi. Nami nimeipunguza kidogo, maana mfagizi yule mkono wake mzito, kwenye sabuni na kwenye maneno.

Wiki iliyopita tulimwacha Bwana Fomu kalamu iko hewani.

Aliyelikosa gazeti nitampa kwa pumzi moja. Yuko mama mmoja kijana, tumezoea kumwita Mama Mheshimiwa. Alikuwa anatumia unga. Sisemi alionja, alikuwa teja kamili, wa kulala kwenye ngazi za maduka. Sasa ana miezi minane anakunywa dawa ya dirishani, ile ya kuachishia unga, inayotolewa kituo cha afya kila asubuhi kwenye kikombe kidogo. Nesi anakutazama mpaka umeze, halafu anakutaka useme neno, ajue hukuificha shavuni. Miezi minane hajakosa hata siku moja. Wako waajiriwa wa kituo kile hawawezi kusema hivyo.

Mtoto wake wa kike ana miaka miwili na nusu. Anaitwa Mheshimiwa kwa sababu anakaa kitini amenyooka, anatazama watu wote, hasemi kitu, na bado kila mtu anamhudumia.

Alizaliwa anatetemeka. Wiki sita za mwanzo alilia kilio chembamba kisichokoma, maana unga ulimfikia tumboni, na alipotoka arosto, yale mateso ya kukosa unga, ikampata mtoto kama inavyompata mkubwa. Hilo mama yake halifichi. Akiulizwa husema, "Nilimpa mimi." Hasemi zaidi.

Basi ofisi kubwa ikamtuma Bwana Fomu kuamua: mtoto abaki kwa mama yake, au apelekwe makao ya watoto. Shahidi ni kipimo. Na katika vipimo vyote mkubwa wao ni mnara. Mtoto wa umri ule anapewa sanduku la vitofali vya mbao, apange vinane, kimoja juu ya kingine, visianguke.

Mheshimiwa alipanga sita, akaacha.

Fomu ina visanduku viwili tu, ABAKI na AONDOLEWE. Kalamu ikashuka kuelekea cha pili, na hapo karatasi ya gazeti ikaisha.

Sasa tuendelee, msije mkasema bibi anawachelewesha.

Kalamu haikugusa. Bwana Fomu ni mtu wa kanuni, na kanuni inasema mtoto ajaribiwe mara tatu. Zilikuwa zimepita mbili. Akairudisha kalamu mfukoni, akaomba chai, akamwambia Mheshimiwa aanze tena.

Mheshimiwa akapanga. Kimoja, viwili, mpaka sita, mnara umesimama wima kuliko hata ukuta wa ofisi ile. Kisha akatia mkono ndani ya sanduku, akapapasa pembe zote nne, akautoa mkono mtupu, akawaonesha watu wazima viganja vyake.

Mama Mkuu, ndiye mkubwa wa kituo, akamwinamia Bwana Fomu akamwambia kwa huruma kubwa kwamba hayo ndiyo mambo yenyewe. Viganja vile. Amewaona wengi. Unga ukishagusa ubongo, mikono inajichezea.

Bwana Fomu akaandika: *Anachezesha viganja bila sababu.*

Mama wa mtoto, aliyekuwa kwenye kistuli kando ya mlango, akasema kwa adabu kwamba anaona kama mwanawe anaomba vingine.

"Kuomba vingine," Mama Mkuu akasema, "ni kawaida ya nyumba yenu, mama."

Yule mama kijana akatazama chini. Kwenye kituo kile kutazama chini huandikwa *anakubali*, na kutazama juu huandikwa *ana kiburi*. Alikwisha kuandikwa yote mawili.

Mtauliza, watu wote wale na shahada zao, hakuna aliyehesabu vitofali? Wapendwa wangu, sanduku limeandikwa ubavuni, kwa rangi nyekundu, VITOFALI VINANE. Kitu kikishaandikwa nani anakihesabu tena? Mimi shule niliiacha mapema, kwa hiyo bado nahesabu kwa vidole. Waliosoma sana hawana shida hiyo.

Mle chumbani mtu mmoja tu alikuwa bado anakumbuka. Alikuwa anadeki.

Mwezi wa pili mwaka huu, mfagizi aliniambia, meza ya Mama Mkuu, hiyohiyo ya mle chumbani, ilianza kuyumba. Kila akigonga muhuri, chai inaruka. Kutengeneza meza kunataka ombi, ombi linataka sahihi tatu, na mwenye sahihi ya tatu alikuwa safarini kwenye semina ya umuhimu wa michezo kwa watoto wadogo. Mama Mkuu akamwita mfagizi, akamwambia atafute kitu cha kuwekea miguuni. Mfagizi akatafuta kigae, hakuna. Mama Mkuu akaliona sanduku la watoto. "Chukua viwili hivyo," akasema. "Vinatosha kabisa."

Vikatosha. Kimoja mguu huu, kimoja mguu ule, meza ikatulia kama imezaliwa hapo. Na tangu siku ile hakuna mtoto wa kituo kile aliyefika vinane.

Sasa mfagizi amesimama na dekio lake, anamwona mtoto anaonesha viganja, anaiona kalamu inatoka mfukoni mara ya tatu. Aseme? Kibarua chake ni cha mwezi kwa mwezi, na orodha ya vibarua iko kwenye droo ya meza ileile. Anyamaze? Anamjua mama yule tangu alipokuwa analala ngazini. Ndiye aliyekuwa akimmwagia maji karibu na miguu ili aamke kabla polisi hawajapita.

"Ulifanyaje?" nikamuuliza.

"Mimi sikufanya kitu, shoga yangu. Dekio liliteleza."

Basi dekio likateleza. Liliteleza kwa nguvu ya mtu anayepasua kuni, likaupiga mguu wa meza wa mbele, likageuka, likateleza tena likaupiga wa pili.

Meza ikainama kama mtu aliyeshikwa na kiharusi. Kikombe kikateremka, faili likateremka, kalamu, kikasha cha pini, kengele, na kila kilichokuwa juu kikaangukia upande wa mtoto. Chai ilitangulia, ikamwagikia mapajani mwa Bwana Fomu.

Na vitofali viwili, vyeusi kwa uchafu wa miezi saba, vikabingirika mpaka katikati ya chumba.

Mheshimiwa akashuka kitini. Hakukimbia. Aliokota cha kwanza, akakifuta kwenye gauni lake, akakiweka juu ya mnara uliokuwa kwenye kimeza chake kidogo. Akarudi, akachutama palepale penye vitu vilivyoanguka, akakaa hapo kitambo, akaja na cha pili. Akasimama kwa ncha za vidole. Akakiweka.

Vinane.

Hakuna aliyepiga makofi. Mheshimiwa mwenyewe alitazama kazi yake, akaona imekwisha, akaanza kuvitoa kimoja kimoja na kuvirudisha sandukuni. Ndivyo mama yake alivyomfundisha: ukimaliza kuchezea kitu, unakirudisha kinapokaa. Lishikeni hilo, litatutia matatani kabla hatujafika mwisho.

Mama Mkuu akawa wa kwanza kupata sauti. Akasema vitofali vile si vya kituo.

Bwana Fomu, suruali imemganda, akavigeuza. Chini vilikuwa na muhuri wa kuchomwa wa kituo, na namba saba, na namba nane.

Akaomba daftari la vipimo.

Mama Mkuu akasema ufunguo wa kabati anao mhasibu. Mfagizi, kwa heshima zote, akasema kabati halina kufuli tangu mwaka juzi, akalifungua kwa kidole.

Daftari lilikuwa na watoto thelathini na wanne tangu mwezi wa pili. Bwana Fomu akasoma kwa sauti kama ya kutangaza vifo. Wote thelathini na wanne, vitofali sita. Wale ambao mama zao wanakunywa dawa ya dirishani, kumi na mmoja, waliandikwa *athari za dawa za kulevya*. Wengine waliandikwa *ana aibu*. *Aliamka vibaya*. *Anakaribia kuota jino*. Kulikuwa na mtoto wa mwenye duka la dawa, vitofali sita, ameandikwa *atakuwa mwanasheria*.

Akafika jina la ishirini na tisa, akasita.

"Huyu mnayefanana jina la ukoo, ni nani wako?"

"Mjukuu," Mama Mkuu akasema.

"Vitofali sita."

"Ndiyo."

"Hapa umeandika, *Ana kipaji, hapendi kujionyesha*."

"Ndivyo alivyo," Mama Mkuu akasema. "Upande wa baba yake wote ni wanyenyekevu."

Mfagizi anasema alilazimika kwenda kusuuza dekio.

Najua mnaanza kushangilia. Subirini, mchele bado una mawe.

Bwana Fomu akafunga daftari, akamgeukia mama wa mtoto. Mnara amepita, akasema. Lakini kipimo kina kurasa sita, na ukurasa wa nne ni maneno. Mtoto wa umri ule hutakiwa awe anaunganisha maneno, aseme *mama maji*, aseme *nataka kile*. Wa kwako ana maneno mangapi?

"Matatu," mama akasema.

Yapi?

Maji. Toa. Na kesho.

Hilo la tatu Bwana Fomu hakulielewa, mtoto mdogo vile amelitoa wapi. Mfagizi anasema angemjibu. Mtoto analelewa kwenye foleni. Mama yake anaulizia kadi, anaambiwa kesho. Anaulizia daktari wa masikio, kesho. Anaulizia yule mama wa kuwafundisha watoto kusema, ambaye jina lake liko mlangoni na kiti chake kina vumbi, kesho. Mtoto akishika neno analolisikia zaidi, kosa lake liko wapi?

Lakini Bwana Fomu hakuulizia hayo. Alisema maneno matatu ni machache, hakuna kitofali kilichojificha chini ya ukweli huo, na kalamu ikatoka mfukoni mara ya nne.

Hapo yule mama akainuka kwenye kistuli. Mfagizi anasema alidhani atapiga kelele, kama zamani. Hakupiga.

"Ni kweli, mzee," akasema. "Hasemi. Nilimpa mimi, sikatai, na nitaulizwa na aliye juu kabla yako. Lakini namsemesha tangu asubuhi mpaka jua linazama. Namtajia kijiko, namtajia ndoo, kiatu. Njiani watu wananicheka, wanadhani nimerudia, naongea peke yangu. Kama kuna ninachokosea, nifundishwe. Mkimpeleka kule, nani atamtajia ndoo?"

Bwana Fomu anayajua makao yale. Yana mlezi mmoja kwa watoto kumi na tisa. Aliwahesabu mwenyewe mwaka jana, akaweka alama kwenye kisanduku cha INATOSHA, kwa kuwa kingine kilikuwa INAZIDI.

Akaitazama fomu. Akaigeuza nyuma. Akairudisha mbele.

"Tatizo," akasema polepole, "fomu haina mahali pa mtoto anayetakiwa kusaidiwa akiwa kwa mama yake."

Alisema kama mtu anayesema mto hauna daraja.

"Kichore, mzee," mfagizi akasema. "Wino si unao?"

Naambiwa Bwana Fomu alibadilika rangi. Miaka ishirini na miwili ya kazi, amejaza visanduku vya kutosha kujengea mji, hajawahi kuchora hata kimoja. Visanduku vinatoka juu, vimeshachapwa. Mtu kujichorea chake mwenyewe ni mwanzo wa nini, nani ajuaye.

Akamtazama Mheshimiwa. Mheshimiwa naye akamtazama, kama anavyotazama watu wote. Kisha akatia mkono sandukuni, akatoa kitofali kimoja, akampa.

"Toa," akasema.

Bwana Fomu akakipokea. Akakiweka juu ya fomu, chini ya vile visanduku viwili, akakizungushia kalamu pande zote nne. Alipokiinua, kisanduku cha tatu kilikuwepo, kimepinda kidogo kona moja. Ndani akaweka alama, pembeni akaandika: *Abaki kwa mama. Afundishwe kusema, mara mbili kwa wiki. Mama afundishwe naye.*

Mama mtu akakaa chini sakafuni, palepale penye maji ya sabuni.

Ingekuwa mimi ndiye mwenye dunia hii, ningeishia hapo na kila mtu akale. Lakini Mama Mkuu alikuwa bado hajamaliza kazi.

Akauliza, kwa upole, kama ofisi kubwa siku hizi inapokea fomu iliyochorwachorwa.

Bwana Fomu akasema inapokea, mradi masahihisho yagongwe muhuri wa kituo. Bila muhuri ni uchafu tu wa kalamu, na ule uamuzi wa awali unabaki.

Uamuzi gani wa awali, mama akauliza kutoka sakafuni.

Ndipo ikajulikana. Ili kuokoa muda, Mama Mkuu alikuwa amekwisha kuandika barua ya AONDOLEWE tangu jana, na dereva wa makao amekwisha kuipokea. Gari litafika kesho saa nne. Fomu yenye muhuri ikifika ofisi kubwa saa tatu, gari litarudishwa. Isipofika, litakuja.

"Basi gonga muhuri, mkuu," Bwana Fomu akasema.

Mama Mkuu akanyoosha mkono mahali muhuri unapokaa siku zote, kulia kwa kikombe. Kikombe chenyewe kilikuwa sakafuni.

Muhuri haupo.

Wakatafuta chini ya meza, nyuma ya kabati, ndani ya ndoo ya dekio. Wakaokota pini zote. Wakaipata kengele. Muhuri hawakuuona, na muhuri wenyewe si kitu kidogo, ni ule wenye wino ndani yake, ukibonyeza unalia *tak*.

Kisha Mama Mkuu akaacha kutafuta, akautazama mkoba wa yule mama. Hakusema neno. Kwa mtu aliyewahi kuwa teja hakuna haja ya kusema. Kitu kikipotea, macho yanajua njia.

Mama mwenyewe akaubeba mkoba, akaumimina juu ya meza iliyoinama. Kikombe cha mtoto chenye masikio mawili. Kadi ya dawa, imeviringishwa kwenye plastiki isilowe. Nusu ya sabuni. Soksi moja. Kijiko. Basi.

Bwana Fomu akaona haya, akasaidia kuvirudisha, kimoja kimoja.

Mheshimiwa hakuna aliyempekua. Alikaa kitini amenyooka, mikono miwili juu ya mfuko mkubwa wa mbele wa gauni lake, anawatazama. Waheshimiwa hawapekuliwi, ndivyo tulivyozoea.

"Tutautafuta asubuhi na mapema," Bwana Fomu akasema. "Kesho."

"Kesho," Mheshimiwa akasema.

Saa tisa alasiri mama na mwana walikuwa nyumbani, chumba kimoja chenye dirisha moja, godoro, ndoo, na kamba ya nguo. Mfagizi aliwasindikiza mpaka mlangoni, akamwambia mama apumzike, muhuri hauna miguu, utaonekana. Yaliyofuata hakuyaona yeye wala mimi. Tumeyajua kwa alama zilizobaki.

Mama akajilaza na viatu vyake. Alikuwa na siku tatu hajafumba macho, tangu barua ya kuitwa. Akamvuta mtoto ubavuni, akaanza kumtajia kama kila siku. Hii ndoo. Ile kamba. Hiki kiatu cha mama. Hiki kiji…

Usingizi ukamchukua katikati ya kijiko.

Mheshimiwa akasubiri. Alipoona neno halimaliziki, akatia mkono kwenye mfuko wa mbele, akautoa muhuri.

Akaujaribu ukutani. *Tak.* Ukaandika IMEPOKELEWA, na tarehe ya mwezi wa pili, maana tangu wakati huo hakuna aliyekumbuka kuibadilisha.

Akautazama mkono wa mama, ule wa kushoto, umelala wazi juu ya godoro. Kuanzia kifundo mpaka kiwiko kuna alama ndogondogo za zamani, za sindano, zimefuatana kama nyayo za kuku. Mheshimiwa akaanzia kifundoni. *Tak.* Juu yake nyingine. Alikwenda taratibu, moja juu ya moja, akibonyeza kwa viganja viwili, mpaka zikawa sita.

Akasita pale sita, akamtazama mama usoni. Akaongeza mbili.

Mnara ukafika kiwikoni, haukuanguka. Na kesho saa moja asubuhi, kabla nesi wa dirishani hajatoa kikombe, kanuni inasema kila mtu akunje mkono wa nguo, akaguliwe mkono kama una alama mpya za sindano, mbele ya foleni nzima.

Mtoto hayajui hayo. Alijua amemaliza kuchezea kitu, na kitu ukimaliza kukichezea unakirudisha. Chake hakikuwa na sanduku. Akatambaa mpaka kwenye mkoba wa mama, ule uliokwisha kupekuliwa, akauweka muhuri ndani, chini kabisa, akaufunika kwa soksi. Akarudi, akaweka shavu juu ya ule wino uliokuwa bado mbichi, akalala.